Msuko, Filamu ya Wanyonya Damu na Ng'ombe wa Nyamgondho

Kuna jambo ambalo mtazamaji yeyote wa vibanda vya video, awe Masara kwenye machimbo ya dhahabu ya Migori au Mbita kando ya ziwa, analijua bila kufundishwa na mtu: stelingi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, ataachwa amefungwa ndani ya jengo linalowaka, lakini maadamu filamu ina nusu saa mbele yake hakuna atakayemlilia. Anayeshtuka ni mgeni tu. Watu hucheka wakiisema kauli hiyo, lakini ni nadharia kamili. Inasema kwamba matukio ya filamu hayaanguki ovyo kama mvua ya mawe. Kuna mkono ulioyapanga, na mtazamaji mzoefu anausoma mkono huo huku anatafuna njugu. Wahakiki wa fasihi wana neno la mpango huo. Wanauita msuko.

Neno hilo lina washindani wawili. Wa kwanza ni ploti, linalopendwa sana madarasani. Tabu yake ni kwamba kwa Mkenya ploti ni kitu kingine kabisa: ua wenye safu ya vyumba vya kupanga, bomba moja na choo cha kugombaniwa asubuhi. Mwambie kijana wa Migori mjini kwamba filamu fulani ina ploti nzuri, naye ana haki ya kukuuliza kodi ni ngapi. Mshindani wa pili ni mtiririko wa matukio, na huyu ndiye wa kuogopwa, kwa sababu anaonekana kueleweka. Kinachotiririka huenda upande mmoja. Mwanafunzi aliyelizoea neno hilo, ukimuuliza msuko wa riwaya, atakupa muhtasari: kwanza hivi, kisha hivi, mwishowe hivi. Msuka ukili hafanyi kazi namna hiyo. Hupitisha chane moja juu na nyingine chini, na ile iliyozama haikukatika. Imefichwa tu, itaibuka mbele mahali alipotaka yeye.

Sioni mfano unaolionyesha jambo hili waziwazi kuliko Underworld, filamu ya mwaka 2003 iliyoongozwa na Len Wiseman na kupigwa picha Budapest, Hungaria. Wapenzi wa mapigano wanaijua: wanyonya damu upande mmoja, watu wanaogeuka mbwamwitu upande wa pili, bastola mikononi mwa wote. Stelingi ni mwanamke, Selene, aliyeigizwa na Kate Beckinsale.

Kisa chenyewe, ukikipanga kwa kufuata miaka, ni hiki. Zamani za kale bwana mmoja wa wanyonya damu, Viktor, aliwamiliki Lycan, yaani hao wanaogeuka mbwamwitu, kama watumwa. Mtumwa mmoja, Lucian, akapendana na Sonja, binti ya Viktor, na Sonja akashika mimba. Viktor alichukia damu hizo mbili kuchanganyika, akamhukumu mwanawe kifo huku Lucian akitazama. Lucian akatoroka na vita vikawaka. Baadaye Viktor huyohuyo akaiangamiza familia moja ya binadamu, akambakiza binti mmoja kwa kuwa alimkumbusha Sonja, akamgeuza mnyonya damu na kumwambia kwamba waliowaua wazazi wake ni Lycan. Binti huyo ndiye Selene. Kisha mnyonya damu mwingine, Kraven, akala njama na Lucian na kutangaza kwamba amemuua. Karne zikapita. Siku hizi zetu, Lucian, aliye hai, anamtafuta daktari kijana aitwaye Michael Corvin, ambaye damu yake inaweza kuziunganisha koo zote mbili.

Hivyo ndivyo mambo yalivyotokea. Filamu haituonyeshi hivyo. Inatushusha karibu na mwisho kabisa, usiku wa mvua, Selene akiwa juu ya jengo akiwavizia Lycan wanaomfuata Michael. Sauti yake inatueleza kwamba Lucian alikwisha kufa na vita vinaelekea ukingoni. Ni uongo, ila msemaji hajui kuwa ni uongo, na sisi hatuna sababu ya kumshuku. Baadaye anamsimulia Michael jinsi Lycan walivyowachinja wazazi wake. Ni uongo wa pili, nao tunaumeza vilevile. Chane mbili zimepitishwa chini, na kila kinachofuata juu yake, risasi na kukimbizana na kurukiana kwenye kuta, kinashikiliwa nazo.

Katika miaka ya 1920 wahakiki wa Urusi, Viktor Shklovsky akiwa mmoja wao, walisisitiza tofauti kati ya matukio kama yalivyotukia na matukio kama yanavyosimuliwa. Waliyaita mambo hayo mawili fabula na siuzheti. Kiswahili hakihitaji kukopa hapa. Aya ya wanyonya damu niliyoipanga kwa miaka ni kisa. Kile anachokiona mtazamaji, kuanzia juu ya jengo kwenye mvua, ni msuko. Anayetaka ushahidi zaidi aitazame familia nzima ya filamu hizo: zilitoka mwaka 2003, 2006, 2009, 2012 na 2016, lakini ile ya 2009 inarudi nyuma kusimulia mapenzi ya Lucian na Sonja. Ni ya tatu kwa msuko na ya kwanza kwa kisa.

Lakini ufundi hasa wa Underworld uko kwenye damu. Katika ulimwengu wa filamu hii damu hubeba kumbukumbu. Lucian anamuuma Michael, na Michael anaanza kuona mambo ambayo hakuyaishi: minyororo, mwanamke anayeungua kwa mwanga wa jua, kilio cha mtu aliyefungwa. Walimu wetu huita jambo hilo mbinu rejeshi, au kisengere nyuma, na katika kazi nyingi mbinu hiyo hubandikwa tu: mhusika anakaa, anafumba macho, anakumbuka. Hapa imezaliwa na kanuni ya ulimwengu wenyewe. Jino lilelile linaloleta maafa ndilo linaloleta habari. Waandishi wake hawakutafuta mlango wa kupitishia historia. Wanyonya damu walikuja na mlango wao.

Kisha inakuja zamu ya zile chane kuibuka. Kwanza Lucian anaonekana akiwa hai. Halafu, karibu na kilele, Selene anaambiwa nani hasa aliiua familia yake, na anayemwambia ni Kraven, mtu ambaye uongo wake ndio uliofungua filamu. Nakiri kwamba kwa filamu ya bastola na suruali za ngozi hicho ni kinaya cha kiwango cha juu. Aristotle aliandika katika Poetics kwamba msuko bora ni ule ambamo mhusika anautambua ukweli papo hapo mambo yake yanapogeuka juu chini, na mfano wake alioupenda ni tamthilia ya Sofokile, ile ambayo Samuel Mushi ametupa kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode. Selene ni wa ukoo huo. Kisasi chote alichokilipa kwa karne kadhaa alikilipa kwa niaba ya muuaji.

Sisemi filamu yote imesukwa hivyo. Aristotle huyo huyo ana kipimo: ondoa tukio, uone kama kuna kinachobomoka. Ukikitumia kwenye Underworld, mapigano kadhaa ya katikati unaweza kuyakata na hakuna kitakachokosekana isipokuwa maganda ya risasi. Hayo ni mapambo. Risasi za majimaji ya fedha, kinyume chake, ukiziondoa umevunja nyumba: mtengeneza silaha anamwonyesha Selene mapema, kama kitu cha kupita tu, na mwishoni Kraven anazitumia kumwangusha Lucian na kisha Michael.

Na hapo ndipo wana wa Nyanza wanapaswa kutabasamu, kwa kuwa ufundi huo si mgeni kwao. Shujaa wa Kano, Lwanda Magere, alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya maadui zake, Lang'o, ilidunda tu kwenye mwili wake, hadi walipomwoza msichana wao. Siku anaumwa akamwagiza mke huyo achanje kivuli chake badala ya mwili ili dawa iingie, na damu ikatoka. Mke akatoroka usiku kupeleka habari kwao. Katika vita vilivyofuata mkuki ulielekezwa kwenye kivuli. Fedha kwa mbwamwitu, kivuli kwa Magere: kila asiyeuawa ana mahali pamoja pa kuuawa, na kazi ya msuko ni kuamua ni lini tutaonyeshwa mahali hapo, na nani mwingine atapaona. Msikilizaji wa kisa cha Magere anaijua siri kabla ya vita, hivyo anakaa roho juu akisubiri. Hiyo ndiyo taharuki. Mtazamaji wa Underworld haijui siri ya Viktor, hivyo anashtushwa. Taharuki na mshtuko ni mazao tofauti ya uamuzi mmoja: kufichua mapema au kufichua kwa kuchelewa.

Sigana, yaani hadithi, nyingine, hii ya Gwassi katika kaunti ya Homa Bay, haifichi chochote, na kwa hiyo inatufaa zaidi. Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi fukara. Siku moja wavu wake ukanasa kikongwe mwenye jicho moja, naye akamchukua nyumbani. Kwa ujio wa bibi huyo zizi likajaa ng'ombe, wake wakaongezeka, pombe ikaongezeka pia. Usiku mmoja Nyamgondho alirudi amelewa, mlango ukachelewa kufunguliwa, akamtukana bibi kwamba si kitu, aliokotwa tu ziwani. Bibi akainuka, akaelekea majini, na ng'ombe wote wakamfuata hadi wa mwisho. Nyamgondho akabaki ufukweni ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Wenyeji wa Nyandiwa, huko Gwassi, wangali wanaonyesha nyayo za ng'ombe hao kwenye miamba.

Hapa hakuna siri wala kurudi nyuma. Kilichotokea kwanza kinasimuliwa kwanza. Je, msuko upo? Upo, na ni imara kuliko ule wa filamu. Mwandishi wa Uingereza E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, alitenganisha kisa na msuko kwa kigezo cha sababu. Kwa mfano wetu wenyewe: Nyamgondho alitajirika kisha akafilisika, hicho ni kisa. Nyamgondho alifilisika kwa kuwa alimtukana aliyemtajirisha, huo ni msuko. Na tazama tusi lenyewe: anamsema bibi kwa asili yake ya ziwani, naye anarudi kuko huko. Hakuna neno la kuondoa. Kipimo cha Aristotle hakipati kitu cha kukata.

Kwa hiyo msuko una nguzo mbili, sababu na mpangilio wa kufichua. Sigana ya Gwassi inasimama kwa ya kwanza peke yake. Underworld inahitaji zote mbili. Ni vizuri pia kuona kitu kisicho na hata moja. Enzi za ukoloni Afrika Mashariki ilikuwa na wanyonya damu wake: mumiani wa pwani na wazimamoto wa Nairobi na Kampala, waliovumishwa kuwateka watu usiku na kuwakamua damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo, mengine kutoka Siaya mwaka 1986, na kuyachapisha katika kitabu mwaka 2000. Yanatisha kuliko filamu yoyote, lakini hayana msuko. Uvumi hauna kilele. Hauishi, unahama tu kutoka mdomo hadi mdomo, na kila msemaji anaongeza mtu wa jirani aliyepotea.

Kuhusu muundo nitasema machache, maana huchanganywa mno na msuko. Muundo ni vipande na mahali vinapokaa: utangulizi, kupanda kwa mgogoro, kilele, kushuka, hatima, kama Gustav Freytag alivyouchora mwaka 1863, au zile sehemu tatu ambazo Syd Field aliwafundisha waandishi wa filamu wa Marekani kuanzia mwaka 1979. Ni mifupa. Filamu mia zinaweza kuwa na mifupa ileile, na kila moja ikawa na msuko wake. Anayetaka kuvitaja vyote kwa pamoja aseme muundo wa msuko, asiogope urefu.

Kwenye kibanda cha video kuna mkono mwingine. Filamu zinazosimuliwa kwa Kiswahili, kazi iliyompa DJ Afro jina Kenya nzima na aliyoifanya Lufufu huko Tanzania, zina msuko juu ya msuko. Msimulizi ameshaitazama filamu. Akitaka, atamwita Viktor muuaji dakika ya kumi, na mshtuko wote wa Wiseman ukageuka taharuki ya Magere: sasa tunamtazama Selene akimtumikia adui yake na tunataka kumpigia kelele. Wapo wanaosema huko ni kuharibu filamu. Mimi nasema ni kuisuka upya, na mara nyingine inatoka bora.

Mwalimu wa kidato cha tatu anayetaka kulifundisha neno hili anaweza kuanza na Nyamgondho, kwa kuwa wanafunzi wa Migori na Homa Bay wanamjua, na kuwauliza ni tukio gani linaweza kuondolewa. Kisha aende kwenye Chozi la Heri ya Assumpta Matei, inayoanza na Ridhaa akiwa kwenye magofu ya nyumba yake na kurudi nyuma taratibu, awaondoe wanafunzi kwenye kalenda ya riwaya hiyo, wapange kisa upande mmoja wa ubao na msuko upande wa pili. Na swali la mtihani likisema msuko, muhtasari usipewe alama.