Harufu na Usafi: Historia Fupi ya Sabuni na Mafuta ya Mwili Mjini Bujumbura

Katika Kiswahili kitu hunukia au hunuka. Kitenzi cha kukieleza kitu kisicho na harufu hatuna. Tunasema tu kwamba "hakina harufu", yaani tunakitaja kwa kile kilichokosekana. Pengine ndiyo maana mtu wa Bujumbura anayeambiwa na daktari aache sabuni na mafuta yenye manukato, kwa kuwa ngozi yake inawasha na kutoka ukurutu, huona kana kwamba ananyang'anywa usafi wake. Jirani atamshauri kinyume: aoge zaidi, tena kwa sabuni inayonukia zaidi. Insha hii inadai kwamba ndoa hiyo kati ya harufu nzuri na usafi ina historia, na kwamba mjini kwetu si ya zamani sana.

Tuanze na ziwa. Kabla ya ukoloni, watu wa milimani walijipaka siagi ya ng'ombe, na wale wa ukanda wa Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, walikuwa na mawese. Richard Burton, aliyefika Ujiji na John Speke mwezi Februari 1858, aliandika kwamba mawese yalikuwa bidhaa kubwa ya biashara katika nchi zinazolizunguka ziwa hilo. Mafuta hayo yalikuwa na harufu, lakini ilikuwa harufu yake yenyewe, hakuna aliyeitia.

Misafara ya kutoka pwani ilileta mambo mengine. Neno lenyewe "sabuni" lina asili ya Kiarabu, na Kirundi nacho hutumia neno la asili hiyohiyo. Utamaduni wa Waswahili, ambao hadi leo una makao yake Buyenzi, ulikuja na udi, marashi na karafuu. Hata hivyo, manukato hayo yalikuwa na mahali pake na wakati wake: harusi, Idi, Ijumaa, nguo zilizofukizwa. Yalikuwa pambo. Mtu hakuhitaji kunukia ili ahesabiwe kuwa ameoga.

Badiliko kubwa lilikuja na utawala wa kigeni. Wajerumani walianzisha kituo cha kijeshi Usumbura mwaka 1897. Wabelgiji wakaingia mwaka 1916, na sheria ya mwaka 1925 ikaiunganisha Ruanda-Urundi kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Kongo hiyo ilikuwa tayari shamba la sabuni. Mwaka 1911 kampuni ya Lever ya Uingereza, watengenezaji wa Sunlight, ilipewa maeneo makubwa ya michikichi huko, na makao yake yakaitwa Leverville. Mawese yakawa malighafi ya viwanda, na sabuni yenye jina na karatasi yake ikawa bidhaa ya kununuliwa dukani. Mwanahistoria Timothy Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Zimbabwe, ameonyesha jinsi sabuni na mafuta ya mwili yalivyofungamanishwa na mafundisho ya wakoloni kuhusu mwili safi na mtu "mstaarabu". Mazingira ya Usumbura yalikuwa tofauti, lakini mantiki hiyo haiwezi kuwa ngeni kwa mji uliojengwa kwa mitaa iliyotenganisha Wazungu, Waasia na Waafrika.

Kwa nini basi sabuni hizo zilinukia? Jibu moja liko katika kemia. Mwaka 1868 Mwingereza William Henry Perkin alifaulu kuitengeneza kumarini, yenye harufu tamu ya majani makavu, ndani ya maabara. Tangu hapo harufu haikutegemea tena maua na miti peke yake. Iliweza kutengenezwa kwa wingi na kwa bei nafuu, ikatiwa hata katika kipande cha sabuni cha mtu wa kawaida. Pambo la sikukuu likawa jambo la kila siku, kuanzia sabuni ya asubuhi hadi mafuta ya usiku.

Ngozi haikukaa kimya. Mwaka 1895 daktari Josef Jadassohn alieleza kipimo cha kubandika kitu kidogo kwenye ngozi ili kuona kama ndicho kinachoiudhi. Mwaka 1916 Emanuel Freund alieleza wagonjwa waliopata madoa baada ya kujipaka kolonyi yenye mafuta ya bergamoti na kukaa juani. Mwaka 1977 Walter Larsen alipendekeza mchanganyiko wa manukato wa kupimia mzio, na mchanganyiko wa viungo vinane uliotokana na kazi hiyo unatumika hadi leo. Kati ya hivyo vinane imo yujenoli, ambayo ndiyo roho ya harufu ya karafuu. Hapa historia inatupa funzo: kitu kuwa cha asili, hata kiwe cha bibi zetu, si hakikisho kwamba hakitamdhuru mwenye mzio.

Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliamuru viungo 26 vya manukato vitajwe kwa majina kwenye bidhaa pale vinapozidi asilimia 0.001 katika mafuta yanayobaki mwilini, au asilimia 0.01 katika sabuni inayosuuzwa. Kabla ya hapo neno moja, "parfum", lilitosha kuficha vyote.

Turudi Bujumbura. Soko Kuu liliteketea tarehe 27 Januari 2013, lakini biashara ya vipodozi haikufa. Ukipita Ruvumera utaona makopo yenye maandishi ya Kifaransa, Kiingereza na lugha nyingine. Mwenye ngozi nyeti ana maswali mawili ya kujiuliza. La kwanza ni la bei. Mafuta ya duka la dawa yaliyoandikwa "sans parfum" huonekana kuwa anasa, ilhali mafuta ya mgando yasiyotiwa harufu, ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza nchini Marekani mwaka 1872, ni ya bei ndogo. Lakini sabuni ya kipande ya kufulia, hata isiponukia, si dawa: magadi yake hukausha ngozi. La pili ni la lugha. Bidhaa "isiyonukia" yaweza kuwa imetiwa manukato mengine ya kufunika harufu ya malighafi. "Isiyotiwa manukato" ndiyo anayoihitaji. Tofauti hiyo ya maneno mawili ndiyo tofauti ya kulala na kujikuna usiku kucha, na haiandikwi kwa Kirundi wala Kiswahili.

Kwa hiyo, anayeacha manukato leo haigi Ulaya, wala harudi moja kwa moja kwenye siagi ya mababu. Anatenganisha vitu viwili ambavyo biashara na ukoloni viliviunganisha. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sehemu yetu katika kazi hiyo: kuipa lugha maneno ambayo mama wa Buyenzi ataweza kuyasoma kwenye kopo kabla hajampaka mwanawe.