Picha za Viungo na Ugonjwa wa Gauti

Gauti, au jongo, huletwa na fuwele za asidi ya yuriki zinazojikusanya ndani ya viungo na kandokando yake, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi aliziona kwa hadubini mwaka 1679, alipochunguza kinundu cha mgonjwa. Mwaka 1848 Mwingereza Alfred Baring Garrod akaonyesha kwamba damu ya wagonjwa hawa ina asidi hiyo kupita kiasi. Kiungo chenyewe, mgonjwa akiwa hai, kilibaki hakionekani ndani.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei huko Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Mwaka uliofuata tu, daktari aitwaye Huber alikwisha kueleza alama za gauti kwenye mifupa iliyopigwa picha. Alama iliyo wazi kuliko zote ni shimo lililochimbwa na kinundu, ambalo ukingo wake wa mfupa umechomoza nje na kulifunika kidogo. William Martel wa Marekani aliielezea mwaka 1968, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Hata hivyo, eksirei huchelewa mno. Mfupa huonekana kwa sababu una kalsiamu. Fuwele za gauti hazina, hivyo miale huzipita karibu kama inavyoipita nyama. Mtu anaweza kuugua miaka mingi huku picha zake zikisomwa kuwa safi, na shimo linapojitokeza mfupa umekwisha kuliwa. Ndiyo maana ugunduzi wa Daniel McCarty na Joseph Hollander wa mwaka 1961 ulikuwa na uzito mkubwa: majimaji yaliyovutwa kwa sindano kutoka kwenye kiungo yalionyesha fuwele zenyewe chini ya hadubini ya mwanga maalumu.

Ultrasaundi ndiyo iliyoleta fuwele kwenye picha. Mwaka 2007 Ralf Thiele na Naomi Schlesinger walieleza mstari wa pili unaong'aa sambamba na mstari wa mfupa: ni fuwele zilizotanda juu ya gegedu. Mahali zilipo ni jambo la kuzingatia sana, kwa kuwa katika ugonjwa unaofanana na gauti, ule wa fuwele za kalsiamu, mng'ao huwa ndani ya gegedu, si juu yake.

Miaka miwili baadaye, madaktari wa Vancouver, Kanada, walichapisha matokeo ya skani ya CT inayotumia eksirei za nguvu mbili tofauti. Kompyuta hulinganisha jinsi kila kitu kinavyozizuia, kisha huzipaka fuwele za yuriki rangi yake, kwa kawaida kijani, na kuipa kalsiamu rangi nyingine. Mwaka 2015 vigezo vya kimataifa vya kuuainisha ugonjwa huu viliingiza ultrasaundi, skani hiyo na eksirei.

Faida kubwa zaidi imo katika kufuatilia tiba. Asidi ya yuriki ikishushwa kwa dawa kama alopurinoli na kubaki chini ya mikromoli 360 kwa lita, mstari wa pili hufifia na vinundu hupungua, na ujazo wake hupimika.

Skani hukosea pia: hupaka rangi kucha na ngozi nene ya kisigino, na hukosa fuwele chache za mwanzoni. Tena, hakuna picha inayoweza kuthibitisha kwamba kiungo kilichovimba hakina bakteria. Hapo sindano bado ni ya lazima.