Kuta ndani ya meli: kinachoizuia kuzama ikitobolewa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa waundaji wa meli mambo ni kinyume. Ukuta hujengwa kwanza, kabla ya ufa, kwa sababu ufa ukishatokea katikati ya maji hakuna tena nafasi ya kujenga.

Abiria hazioni kuta hizo, maana ziko chini ya sitaha anayokanyaga. Makala haya yanaeleza kazi yake kwa mifano ya Ziwa Victoria. Huko, mji wa Kisumu una historia ndefu ya meli. MV Victoria, meli ya abiria iliyoundwa Uskoti na kuletwa vipande vipande, iliunganishwa Kisumu na kuanza kazi 1961. Feri ya kubeba mabehewa ya reli, MV Uhuru, ilifuata katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 2023 ikazinduliwa MV Uhuru II, iliyoundwa papo hapo Kisumu.

Tumbo moja au vyumba vingi

Mtumbwi wa mbao una tumbo moja. Ukitoboka omo, maji hufika tezi, na tegemeo la pekee ni mikono ya kufua maji. Meli hugawanywa kwa kuta za chuma zinazokatiza kutoka ubavu hadi ubavu, kuanzia chini kabisa hadi kwenye sitaha maalumu. Chumba kimoja kikijaa, vingine hubaki vikavu na kuiinua meli.

Ukuta wa kwanza huwekwa nyuma ya omo. Kanuni za kimataifa huutaka uwe mbali na ncha ya omo kwa angalau asilimia 5 ya urefu wa meli, au mita 10 kwa meli ndefu sana, ili omo ikibonyea ukuta wenyewe usalimike.

Kuta nyingine hupangwa kwa kukadiria ukubwa wa tundu. Kanuni ya miaka mingi ilichukua mita 3 pamoja na asilimia 3 ya urefu wa meli, bila kuzidi mita 11. Kwa meli ya mita 90, hilo ni tundu la mita 5.7. Kuta zikikaribiana kuliko hapo, pigo moja linaweza kufungua vyumba viwili. Na meli ikishajaa sehemu, maji yalitakiwa yabaki angalau milimita 76 chini ya sitaha ambapo kuta zinaishia.

Kipimo hicho kidogo kina sababu. Titanic, iliyozama 1912, ilikuwa na vyumba 16 na ingeelea hata vinne vya mbele vikijaa. Barafu ilifungua zaidi ya hivyo. Omo ikazama, maji yakapanda hadi juu ya kuta na kumwagikia chumba kilichofuata, kikajaa, kisha kingine. Ukuta usiofika juu vya kutosha huchelewesha tu.

Mgongano mmoja, matokeo mawili

Tarehe 8 Mei 2005, feri mbili za mabehewa za Uganda, MV Kaawa na MV Kabalega, ziligongana ziwani. Kaawa iliumia omo lakini ikabaki inaelea. Kabalega ilizama. Omo ndiko meli imeandaliwa kupigwa. Ikipigwa kwingine, usalama wake hutegemea ni vyumba vingapi vimefunguka, na kama milango ya vilivyobaki imefungwa.

Kuelea peke yake hakutoshi

Meli nyingi hupinduka kabla ya kujaa. Beba sinia yenye maji utaona: ukiinamisha kidogo, maji yote hukimbilia upande mmoja na kuongeza mwinamo. Ukiligawa eneo hilo katikati kwa ukuta mmoja wa urefu, nguvu ya kupindua hupungua hadi robo. Lakini ukuta huohuo unaweza kuyafungia maji ubavu mmoja na meli ikalala. Ndiyo maana huwekwa mabomba ya kuyapeleka maji upande wa pili.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwenye feri za magari, ambazo sitaha yake ni uwanja mmoja toka omo hadi tezi. Mwaka 1987, Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Ubelgiji milango ya omo ikiwa wazi. Maji yalisambaa kwenye sitaha ya magari, ikapinduka kwa dakika chache, na watu 193 wakafa.

Kuta haziponyi uzito kupita kiasi

MV Bukoba iliyopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 haikugongwa na chombo. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Ilipolala kifudifudi, ilishikiliwa na hewa iliyobaki ndani. Tundu lilipokatwa ili kuwatoa walionasa, hewa ilitoka na meli ikazama. Mamia walikufa. MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, iliruhusiwa abiria 101. Waliokufa pekee walizidi 220. Hesabu zote za kuta hufanywa kwa uzito ulioidhinishwa. Ukiuzidisha, hesabu hiyo haipo tena.

Nani anakagua

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unahusu safari za bahari kati ya nchi na nchi. Tangu 2009 unapima uwezekano wa meli kunusurika katika aina nyingi za matundu, badala ya tundu moja la kukadiria. Kwa ziwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya 2007, na upande wa Kenya kazi ya usalama wa vyombo iko kwa mamlaka ya KMA, ileile inayohusika nasi huku Pwani.

Mkaguzi akija, aulizwe juu ya mambo madogo. Mlango wa chumba cha injini ulioachwa wazi kwa sababu ya joto si ukuta. Tundu la waya au bomba jipya lisilozibwa si ukuta. Meli inaweza kuwa na kuta zote kwenye mchoro na isiwe nazo majini.