Silaha za Bandia na Sinema za Ridhaa katika Uingereza

Mwaka 1956 vijana wawili katika Uingereza, Kevin Brownlow mwenye umri wa miaka 18 na Andrew Mollo mwenye miaka 16, walianza kazi iliyowachukua miaka minane kuimaliza. Shabaha yao ilikuwa kuonyesha, kwa njia ya sinema, namna nchi ile ingalivyokuwa kama ingalitekwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili. Hawakuwa na kampuni wala fedha ya kutosha, na waliocheza karibu wote walikuwa watu wa kujitolea. Mollo alikuwa mkusanyaji wa mavazi na vyombo vya kijeshi, wala hakukubali kitu chochote kisichofanana barabara na asili yake. Sinema hiyo, It Happened Here, ilifika mbele ya watu wote mwaka 1966, nayo inaonyesha askari wa Kijerumani wakitembea London kana kwamba mji ni wao.

Katika kazi ya namna hii mna mgongano usioepukika. Mtazamaji lazima aamini kuwa bunduki ni bunduki. Mpita njia lazima asiamini. Watu hawa wawili huitazama silaha ile ile, pengine kwa saa ile ile. Kampuni kubwa huweza kufunga mtaa na kumweka mbali mpita njia. Mtu wa ridhaa hana uwezo huo, naye hupiga picha zake uwanjani, kichochoroni au msituni, mahali ambapo yeyote aweza kutokea.

Sheria haikuliona jambo hili mapema. Sheria ya Silaha ya mwaka 1920 ilimtaka mwenye bunduki awe na hati ya polisi. Miaka michache baadaye kamera za bei nafuu zilienea: Pathé Baby mwaka 1922, Cine-Kodak mwaka 1923, na ilipofika 1932 wapenzi wa sinema wa Uingereza walikuwa na chama chao, Institute of Amateur Cinematographers. Sheria ya mwaka 1968, katika kifungu cha 12, ilimruhusu mchezaji wa tamthilia au wa sinema kushika silaha ya kweli bila hati wakati wa mchezo na kwa ajili ya mchezo tu. Ruhusa hiyo ilikuwa njema, walakini bunduki yenyewe ilibidi itoke kwa mtu aliye nayo kihalali. Aliyekosa alichonga ubao na kuupaka rangi nyeusi, na hakuna aliyemwuliza neno.

Mambo yalibadilika zilipoanza kuuzwa bunduki za bandia za chuma, zilizofanana na za kweli hata katika uzito. Wahalifu nao walizipenda. Japani, mwaka 1971, iliamuru bastola za bandia za chuma zipakwe rangi nyeupe au ya manjano na mitutu yake izibwe. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1982, iliamua kwamba bandia inayoweza kugeuzwa kwa urahisi kuwa silaha ya kufyatua ihesabiwe kama silaha ya kweli. Hofu ya polisi nayo haikuwa jambo dogo: mwaka 1999, mjini London, mtu mmoja aliuawa na polisi kwa sababu mguu wa meza aliouchukua mfukoni ulidhaniwa kuwa bunduki. Kuanzia mwaka 2004 ikawa ni kosa kuchukua silaha ya bandia mahali pa watu wote bila ya mamlaka au udhuru wa haki.

Sheria iliyowagusa zaidi watu wa ridhaa ni ile ya mwaka 2006, ambayo vifungu vyake vya silaha za bandia vilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2007. Ilikataza kutengeneza, kuuza na kuingiza nchini bandia isiyoweza kutofautishwa na silaha ya kweli. Zile zenye rangi kali, kama nyekundu, buluu au waridi, hazikuguswa, wala zile za mtindo wa kabla ya mwaka 1870. Ajabu iliyoje, hata brashi ya rangi iliingia katika makosa: aipakaye bandia ya buluu rangi nyeusi, hata ikafanana na ya kweli, amevunja sheria, isipokuwa ana udhuru uliotajwa.

Miongoni mwa nyudhuru hizo mna makumbusho, tamthilia, televisheni na utengenezaji wa sinema. Hapa sheria ilikuwa karimu kuliko desturi, kwa maana haikuuliza kama mtengenezaji analipwa. Maana ya sinema iliazimwa katika sheria ya hakimiliki ya mwaka 1988, nayo ni kumbukumbu yoyote inayoweza kutoa picha zinazokwenda. Mwanafunzi mwenye kamera ndogo, basi, ana haki sawa na kampuni kubwa. Walakini muuzaji ndiye atakayeshtakiwa akimwuzia asiyestahili, na kwa hiyo hutaka ushahidi, ambao kijana asiye na kampuni hupata taabu kuutoa. Tena sheria hiyo hiyo ilikataza kumwuzia silaha ya bandia mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Mollo wa mwaka 1956 angalirudishwa mlangoni.

Marekani ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1988 ilitaka alama ya rangi ya machungwa kwenye mdomo wa mtutu, ikaacha nafasi ya msamaha kwa watu wa sinema. Lakini alama huondoleka. Mwaka 2014 huko Cleveland, mtoto wa miaka 12 aliuawa na polisi akiwa na bastola ya bandia ambayo alama yake ilikuwa imekwisha kutolewa.

Yamkini mtu atasema kwamba ni heri bunduki ya kweli yenye baruti tupu. Vifo vya mwaka 1993 katika sinema ya The Crow, na vya mwaka 2021 katika Rust, vinajibu neno hilo: silaha ya kweli huwaua walio mbele ya kamera na nyuma yake. Bandia isiyofyatua humwacha hai kila aliye kazini, na hatari yake huanza nje ya duara la wachezaji. Kwa sababu hiyo watu wa ridhaa wenye busara huwaarifu polisi siku, saa na mahali kabla ya kazi, na kuwaambia majirani. Silaha hukaa sandukuni, imefunikwa, mpaka kamera iwe tayari. Na mara picha ikimalizika, kabla mchezaji hajavua hata kofia yake, hurudishwa humo.