Frankenstein si jina la lile dude

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena mambo ya kazi za kikundi: mnaandikwa kumi, mnafanya watatu. Leo sina stori ya foleni ya bumu wala ya maji kukatika hosteli. Nataka tuongee kitabu, tena cha kutisha, maana juzi kwenye semina tulibishana mpaka muda ukaisha na mimi nilibaki na mengi moyoni.

Kitabu chenyewe ni Frankenstein cha Mary Shelley. Wengi humu mnalijua lile dude la kwenye sinema, lina misumari shingoni, linatembea kama mtu aliyepigwa ganzi, linanguruma. Basi kwanza tuliweke sawa hilo. Frankenstein ni jina la aliyeliunda, Victor Frankenstein, kijana wa familia ya heshima pale Geneva, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Ingolstadt, Ujerumani. Yaani ni mwanafunzi kama sisi! Kiumbe aliyemuunda hana jina kabisa. Tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho hakuna aliyekumbuka kumpa.

Mwenzangu mmoja kwenye semina akasema kitabu kinafundisha kwamba binadamu asicheze na kazi ya Mungu, sayansi ina mipaka, basi. Jibu hilo utalikuta kwenye vitini vingi, na si kwamba halina ukweli. Ila mimi naona linampa Victor nafasi ya kutoroka. Hebu someni tena ule usiku wa Novemba ambao kiumbe anafumbua macho. Victor kahangaika karibu miaka miwili, kakusanya viungo kwenye vyumba vya kupasulia maiti na machinjioni, kaunda mtu wa futi nane. Kiumbe anapumua, Victor anamtazama, anamwona mbaya wa sura, anakimbia. Baadaye yule kiumbe anakuja kitandani kwake, anatabasamu, ananyoosha mkono kama mtoto anayetaka kubebwa. Victor anakimbia tena. Kwa hiyo kosa analofanya pale si la maabara. Ni la baba aliyetelekeza mtoto.

Na hapa ndipo historia inapoingia, maana aliyeandika hakuwa anabuni uchungu. Mary alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Mama yake alikuwa Mary Wollstonecraft, yule aliyeandika mwaka 1792 kutetea haki na elimu ya wanawake. Kondo la nyuma halikutoka, daktari akalitoa kwa mkono, ikaingia homa ya uzazi, na mama akafa tarehe 10 Septemba. Siku kumi na moja tu! Mary mwenyewe akiwa na miaka 16 akaondoka na mshairi Percy Shelley, mume wa mtu. Februari 1815 akajifungua mtoto wa kike, njiti, ambaye hakufikisha wiki mbili. Siku chache baadaye akaandika kwenye shajara yake kwamba ameota yule mtoto hakufa, alikuwa amepata baridi tu, wakamsugua karibu na moto akawa hai. Nikisoma hiyo halafu nikisoma habari ya mtu anayetaka kutia uhai kwenye mwili uliokufa, mwili unasisimka.

Mwaka uliofuata, 1816, ndio ule uliokosa kiangazi Ulaya. Mlima Tambora kule Indonesia ulilipuka Aprili 1815, majivu yake yakaziba jua, mvua na baridi zikaharibu mazao. Mary, Percy, na Claire ambaye ni dada wa kambo wa Mary, walikuwa kando ya ziwa Geneva, jirani na Lord Byron na daktari wake Polidori. Hawawezi kutoka nje, wanasoma hadithi za mizimu, Byron anasema kila mtu atunge yake. Mary alikuwa na miaka 18. Sehemu hiyo mnaijua, inasimuliwa kila mahali, sitakaa hapo.

Ninachotaka mkione ni kilichotokea akiwa bado anaandika. Oktoba 1816 Fanny, binti wa kwanza wa Wollstonecraft, alikunywa dawa akafa kwenye nyumba ya wageni mjini Swansea. Familia ikakaa kimya kuepuka aibu, akazikwa bila jina lake kutajwa. Desemba mwaka huohuo Harriet, mke halali wa Percy, akakutwa amekufa maji kwenye ziwa la bustani ya Hyde Park, akiwa mjamzito. Kabla mwezi haujaisha Percy na Mary wakafunga ndoa. Mwaka 1817 mahakama ikamnyima Percy watoto wake wawili aliozaa na Harriet. Sasa niambieni: dada aliyezikwa bila jina, mke aliyeachwa, watoto wasio na baba. Huyu binti alihitaji mizimu ya nini?

Kwa sisi wa ualimu kuna kitu kingine kitamu zaidi. Mnamkumbuka Rousseau wa kwenye kozi ya misingi ya elimu? Yule wa Émile ya mwaka 1762, kwamba mtoto huzaliwa mwema, jamii ndiyo inamharibu? Rousseau alizaliwa Geneva, mji uleule wa Victor. Na huyohuyo bwana, baba wa elimu inayomjali mtoto, alizaa watoto watano na Thérèse Levasseur, na wote watano akawapeleka kwenye nyumba ya watoto waliotupwa, Paris. Mwenyewe alikiri kwa maandishi. Mary alimsoma, na miaka mingi baadaye alipoandika wasifu wake alimlaumu waziwazi kwa jambo hilo. Siwezi kuapa kwamba Victor ni Rousseau. Lakini mtu wa Geneva mwenye fikra kubwa kuhusu binadamu, anayemkimbia binadamu mmoja aliye mbele yake, kha!

Sasa twende kwa mwanafunzi mwenyewe, maana kwangu kiumbe yule ni mwanafunzi. Katikati ya kitabu anampata Victor kwenye milima ya barafu karibu na Chamonix na kumwomba jambo moja tu, amsikilize. Anasimulia alivyojifunza moto, njaa, sauti za ndege. Akajificha kwenye kibanda kilichoungana na nyumba ya familia maskini, De Lacey, baba mzee kipofu na wanawe Felix na Agatha. Anawachungulia kwenye ufa. Akigundua kwamba hawana chakula cha kutosha anaacha kuwaibia, na usiku anawakatia kuni. Anakuja binti mgeni, Safie, baba yake Mturuki, hajui lugha ya hapo. Felix anamfundisha, na kiumbe anafundishwa bila mwalimu kujua kuwa ana wanafunzi wawili. Tena yeye anashika haraka kuliko Safie. Anajua kusoma, anasoma Milton, Plutarch na Goethe. Akisikia habari za wenyeji wa Amerika walivyoangamizwa, analia. Akijifunza kwamba binadamu wanathaminiana kwa mali na ukoo, anajiuliza yeye asiye na shilingi wala ndugu atahesabiwa wapi.

Safie ni mgeni, kiumbe ni mgeni. Safie ana sura nzuri, anapokelewa kwa machozi ya furaha. Kiumbe anaingia siku moja kumsalimia mzee kipofu, na mzee, kwa kuwa haoni, anaongea naye kama mtu. Felix anarudi, anamwona, anampiga fimbo. Baadaye anamwokoa msichana anayezama mtoni na malipo yake ni risasi ya bega. Nilipofika hapo nilimkumbuka kijana mmoja tuliyesoma naye kidato cha pili, mwalimu alikuwa anamwita kwa kasoro ya uso wake badala ya jina, darasa zima tunacheka. Hakumaliza kidato cha tatu. Sijui leo yuko wapi.

Msinielewe vibaya, simwachii huru. Kiumbe anamnyonga William, mdogo wake Victor, mtoto mdogo asiye na hatia. Halafu anatia kidani cha mtoto kwenye mfuko wa Justine, mtumishi wa nyumba aliyelala ghalani, ili asingiziwe. Ni unyama na Mary hauchi kuuita hivyo. Lakini tazama kinachofuata, maana kwangu hapa ndipo penye kutisha kuliko kaburi lolote. Justine anashitakiwa. Padri anamtisha kwamba asipokiri atatengwa na kanisa na kuungua milele, naye anakiri uongo. Mahakimu wanaridhika. Victor anajua aliyeua. Amekaa palepale mahakamani. Anasema moyoni kwamba akieleza watu watamwona kichaa, ananyamaza, na Justine ananyongwa. Mtumishi maskini analipa deni la kijana msomi wa familia nzuri. Na kitabu kinaenda mpaka mwisho, Victor yuko mahututi melini kwenye barafu ya kaskazini, anapitia maisha yake na kusema haoni kosa lake.

Maskini kulipa deni la wasomi haikuwa hadithi tu Uingereza ya wakati ule. Sheria ya mwaka 1752 iliruhusu madaktari kupasua miili ya wauaji walionyongwa. Miili haikutosha, wezi wakaanza kufukua makaburi kuwauzia. Mwaka 1803 Mtaliano Aldini alipitisha umeme kwenye maiti ya George Foster, aliyenyongwa London, jicho likafunguka, mkono ukainuka mbele ya watazamaji. Mwaka 1828 kule Edinburgh wakakamatwa Burke na Hare, walioua watu 16 na kuuza maiti. Serikali ikatunga sheria mpya mwaka 1832, na suluhisho lake likawa kwamba miili isiyodaiwa na ndugu, yaani hasa ya mafukara wanaofia kwenye nyumba za maskini, ipelekwe kwa madaktari. Zamani ilikuwa adhabu ya muuaji, sasa ikawa ya fukara.

Kitabu kilitoka tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Wengine wakadhani ni kazi ya Percy. Toleo la pili, la 1823, ndilo lilitoka na jina la Mary. Mwaka huohuo likaonyeshwa igizo London, na Mary akaenda kutazama. Kwenye orodha ya wahusika, mahali pa jina la kiumbe palichorwa mstari mtupu, na yeye alilipenda hilo. Ila igizo lilifanya jambo moja kubwa: lilimnyang'anya kiumbe sauti. Yule aliyekuwa msemaji kuliko wote kitabuni, jukwaani akawa bubu.

Miezi michache tu baadaye tunaona faida ya ububu huo. Agosti 1823 watumwa zaidi ya 10,000 waliinuka Demerara, koloni la Uingereza Amerika Kusini, na mamia wakauawa. Tarehe 16 Machi 1824 waziri George Canning akasimama bungeni kueleza kwa nini watumwa wa visiwa vya Karibi wasiachiwe haraka. Mfano alioutumia ni kiumbe wa kitabu hiki, bila hata kukitaja kwa jina: mwenye nguvu za mtu mzima na akili ya mtoto, ukimfungulia utajuta. Jamani! Kiumbe gani huyo? Wa kitabuni alisoma Plutarch peke yake gizani. Aliomba asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Canning alichukua hadithi ya mtu aliyedhulumiwa akaigeuza kuwa hoja ya kumwacha kwenye minyororo. Na sheria ya kufuta utumwa ilipopita mwaka 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na zikaenda kwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti.

Sinema ya 1931 iliendeleza palepale. Boris Karloff alicheza vizuri sana, sibishi, lakini hazungumzi, na wakaongeza kisa cha ubongo wa mhalifu ulioibwa kwa makosa. Kitabuni hakipo. Maana yake mtazamaji anatoka ukumbini akiamini kwamba dude lilikuwa baya tangu kichwani, na swali la nani alimlea halina haja tena. Mwalimu anayesema "huyu kazaliwa hivyo" anatumia ubongo uleule wa kwenye chupa.

Mkitaka kusoma, kuna matoleo mawili makuu. La 1831 Mary alilirekebisha mwenyewe, na humo Victor anasukumwa sana na majaaliwa, kama vile hakuwa na la kufanya. Mimi napendelea la 1818, lina makali zaidi. Yote mawili yapo bure mtandaoni, pale Project Gutenberg. Wenye haraka, kiumbe anaanza kujieleza sura ya 11 mpaka ya 16 kwenye lile la 1831. Kwenye la 1818 tafuteni juzuu ya pili, sura ya 3 hadi ya 8. Anzeni hapo, halafu Jumatano kwenye semina tuendelee tulipoishia.