Siku moja Guangzhou, na anayemchorea mgeni njia

Tarehe 8, 18 na 28 za mwezi mwandamo. Hizo ndizo siku ambazo Mzungu mwenye biashara zake Guangzhou, miaka ya 1820, aliruhusiwa kutoka na kunyoosha miguu. Kundi lisizidi watu 10. Lifuatane na mkalimani anayetambuliwa na serikali, livuke Mto wa Lulu kwa mashua hadi kwenye bustani za maua za Huadi au hekalu la Haichuang, na jioni wote wawe wamerudi. Mgeni akilewa au akizua ugomvi, wa kwanza kuulizwa alikuwa mkalimani.

Kanuni hizo, zilizopangwa hivyo mwaka 1816, zilitokana na amri ya mwaka 1757 ya Mfalme Qianlong, iliyowafungia wafanyabiashara wa Ulaya bandari zote za China isipokuwa hiyo moja. Hapo waliishi katika bohari 13 zilizojipanga ukingoni mwa mto, nje ya ukuta wa mji. Walikatazwa kuwa na silaha na kuleta wanawake. Msimu wa chai na hariri ulipokwisha, walitakiwa wafungashe na kwenda Macau kusubiri msimu mwingine. Mtu aliweza kufanya biashara hapo miaka na miaka, akatajirika, akarudi kwao London au Boston, na kuta za Guangzhou akawa amezijua kwa nje tu.

Novemba 1830 msichana Mmarekani wa miaka 21, Harriet Low, aliamua kujionea mwenyewe. Alitoka Macau pamoja na mke wa ami yake, wakafikia bohari. Habari zikazagaa. Wakuu wa mji wakatishia kuisimamisha biashara ya ami yake ikiwa wanawake hao hawataondoka, nao wakaondoka. Shajara yake imebaki hadi leo, na kwa maoni yangu inaeleza maisha ya wageni wa wakati ule kuliko vitabu vingi vya hesabu za chai.

Ajabu ni kwamba mji huo haukuwa mgeni wa wageni. Waarabu na Waajemi walikuwa na mtaa wao humo tangu enzi ya Tang, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Low. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa duara wa mita zipatazo 36, unahusishwa kimapokeo na sahaba Saad bin Abi Waqqas, ingawa wanahistoria wengi hawakubali kwamba ulijengwa mapema hivyo. Ibn Battuta, yule yule aliyetua Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameandika kwamba alifika Guangzhou miaka ya 1340 na kuwakuta Waislamu wakiwa na sehemu yao ya mji, msikiti, soko na kadhi wao. Hasemi popote kwamba alipangiwa siku tatu za matembezi.

Vita vya Afyuni, kati ya Uingereza na China, ndivyo vilivyovunja utaratibu wa bohari. Mkataba wa Nanjing wa 1842 ulifungua bandari nyingine, lakini wenyeji wa Guangzhou waliendelea kuwazuia Waingereza kuingia ndani ya kuta kwa miaka 15. Bohari ziliteketea kwa moto Desemba 1856. Mwaka mmoja baadaye majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliupiga mji kwa mizinga na kuuteka. Washindi wakajichukulia fungu la mchanga mtoni, wakachimba mfereji kulitenga na mji, wakajenga juu yake nyumba zao, benki na makanisa. Ndiyo Shamian, ambako leo maharusi wa Kichina hupigia picha chini ya miti mikubwa.

Hapo sasa utalii wenyewe ukaanza. Stima ziliondoka Hong Kong jioni na kutia nanga Guangzhou alfajiri. Mgeni alistaftahi, akapanda machela iliyobebwa mabegani, akatumbukia katika vichochoro vyembamba ambamo machela mbili zilipishana kwa shida. Mwaka 1875 kasisi Mwingereza, John Henry Gray, alichapisha kitabu kizima cha matembezi ya mji huo, na baada ya hapo njia ikawa kama imekwisha kuchorwa. Rudyard Kipling aliipita mwaka 1889, akaandika wazi kwamba umati ule ulimtisha na kumchosha.

Kituo kimoja cha lazima kilikuwa saa ya maji. Juu ya lango la zamani palipangwa mitungi minne ya shaba kama ngazi, iliyotengenezwa mwaka 1316. Maji yalidondoka kutoka mtungi wa juu kwenda wa pili, wa tatu, hadi wa chini kabisa, ambamo kijiti chenye alama kilielea na kupanda taratibu. Mlinzi alisoma alama, kisha akatundika nje ubao wenye saa ya wakati ule ili mji mzima uone. Mitungi hiyo sasa iko Beijing, katika Makumbusho ya Taifa.

Kituo kingine kilikuwa uwanja wa kuulia wahukumiwa. Siku za kawaida ulikuwa uchochoro wa wafinyanzi, vyungu vimeanikwa juani, na bila mwongozaji usingeujua. Katika hekalu la Hualin zilikaa sanamu 500 za wanafunzi wa Buddha, na mojawapo ilikuwa na kofia pana. Waongozaji wakasema huyo ni Marco Polo. Hakuna ushahidi wowote wa jambo hilo, lakini Mzungu alifurahi kukutana na ndugu yake ugenini, na bahshishi ikaongezeka. Siwalaumu. Waliwauzia wateja kile walichokifuata: kitisho kidogo asubuhi, na mchana sura wanayoifahamu.

Reli ya Kowloon hadi Guangzhou ilifunguliwa yote mwaka 1911, safari ya siku moja ikawa nyepesi. Ilikatika mwaka 1949. Kwa miaka 30 iliyofuata, aliyetoka Hong Kong aliteremka mpakani Lo Wu, akavuka daraja kwa miguu na mizigo yake, akapanda treni nyingine upande wa pili. Baadhi ya wageni waliovuka walikuwa wanakwenda kwenye Maonyesho ya Biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo bado hufanyika kila majira ya kuchipua na ya vuli. Treni ya moja kwa moja ilirudi Aprili 1979. Mtalii wa miaka ya 1980 alipokewa na shirika la serikali, na hata pesa alipewa za kwake: noti maalumu za wageni, zilizokubalika kwenye Maduka ya Urafiki yenye bidhaa ambazo mwenyeji wa kawaida hakuzipata. Haikuchukua muda, vijana wa mitaani wakawa wanawafuata wageni wakiomba kubadilishiwa. Noti hizo ziliondolewa katikati ya miaka ya 1990.

Leo treni ya mwendo kasi kutoka West Kowloon, iliyoanza Septemba 2018, hufika kwa chini ya saa moja. Mgeni huona jumba la ukoo wa Chen, lililokamilika mwaka 1894, na jioni hupanda Mnara wa Canton, mita 600. Ruhusa ya kupita China siku 10 bila viza, iliyotangazwa Desemba 2024, ilihusu raia wa nchi 54, na ya Afrika haikuwamo hata moja.

Kwa hiyo mtu wa Kariakoo au Eastleigh huingia kwa viza, akiwa na orodha ya bidhaa, na kufikia mtaa wa Xiaobei. Huko yupo wakala, mara nyingi Mtanzania au Mkenya aliyekwishakaa miaka kadhaa, anayekijua Kichina cha sokoni. Ndiye mkalimani, ndiye dereva wa mipango, na kamisheni yake iko ndani ya bei. Atakupeleka kwenye soko la mabegi ya ngozi la Baiyun, kisha Foshan kwenye marumaru na makochi, na Ijumaa msikitini. Ukimwomba muende kwenye ule mnara mrefu mkapige picha, atakubali bila shida, ila atataka kwanza kujua kontena limefungwa au bado.