Kanga: Vazi la Madoadoa

Leo itazameni kanga iliyo karibu nanyi, hata ile ya kubebea mtoto.

Hapo zamani, wanawake watumwa wa Unguja walivaa merikani, nguo isiyo na rangi, au kaniki nyeusi. Ukimwona mtu kavaa kaniki, ulijua hali yake.

Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso (neno hili ni la Wareno), wakashona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Baadaye nguo nzima ikapigwa chapa. Yasemekana madoadoa yake yalifanana na ya ndege kanga, na jina likakaa.

Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Basi wanawake wengi walioachwa huru wakaitupa kaniki, wakanunua kanga, ingawa fedha zilikuwa haba. Je, ulikuwa upuuzi? Mimi sioni hivyo. Kuchagua rangi ya nguo yako mwenyewe si jambo dogo kwa mtu aliyekuwa akichaguliwa.

Sasa shikeni kalamu. Someni jina la kanga yenu, kisha andikeni: pindo, mji, jina, doti.